Wiki Niliyomfundisha Nekoye Huruma

Jumapili, 4 Januari 1948

Nimekasirika tangu kanisani. Nimekasirika mpaka nyama ya mchana haikupita, na ilikuwa na mafuta.

Mama Tryphosa alisimama baada ya sadaka. Huyu ndiye anayesimamia darasa la watoto wadogo hapa misheni. Mwanamke mrefu, miwani ya waya, sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto Sosiani. Akasema imebaki nafasi moja. Moja! Akasema walioomba ni wawili: Nekoye binti Kituyi, na Jepkemboi binti Kiprotich.

Nikakaa wima. Kituyi ndiye mimi. Nekoye wangu anahesabu mpaka mia mbili. Miezi mitatu nimemfundisha kwa magunia ya ngano kule godauni, ninakofanya kazi ya karani wa mizani. Jepkemboi akifika kumi na mbili anarudi nne.

Kisha Mama Tryphosa akasema mwaka huu haulizi hesabu.

Akasema mwaka jana alipokea watoto kumi na wanane wajuzi wa hesabu, na wote wakawa wanaumana. Mmoja alihesabu alama za meno alizomwachia mwenzake mkononi. Akapata sawa. Basi safari hii anataka mtoto mwenye huruma. Wiki nzima atakuwa anatazama, na Jumamosi atatembelea nyumba zote mbili, atakaa, ataangalia.

Miezi mitatu ya magunia imepotea hivyo!

Kiprotich alikuwa benchi la mbele yangu. Ni jirani yangu pale kwenye laini za wafanyakazi. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa miiba tu. Hakushtuka. Aligeuka akanipa mkono, akasema Mungu awasaidie watoto wote wawili. Mtu akikuombea mema kwa upole namna hiyo, ujue ana mpango.

Niandike hapa kwa nini jambo hili si mchezo. Mama yangu ametuma neno kutoka nyumbani: Nekoye asipoingia shule, apelekwe kule akalee mtoto mchanga wa ndugu yangu. Lori la mahindi linakwenda upande ule Jumatano ya wiki ijayo, na dereva ameshaambiwa. Msichana akishafungwa mtoto mgongoni, akitoka huyo anafungwa mwingine, mpaka siku anayoolewa anafungwa wake. Na Mama Tryphosa hapokei aliyefika miaka saba.

Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Nilijifunza kusoma kwenye magunia. K niliijua kwa sababu ya Kitale. Mpaka nafika miaka ishirini sikuwa nimeona neno refu kuliko jina la stesheni. Sitaki hivyo kwa Nekoye.

Rosebella, mke wangu, amesema tumwache mtoto alivyo, kama huruma ipo itaonekana. Wanawake!


Jumatatu, 5 Januari

Nimetengeneza ratiba. Nimeibandika ukutani kwa uji mzito. Asubuhi: Kusalimia. Mchana: Kugawa. Jioni: Kuhurumia. Kila tendo jema moja, kipande kimoja cha sukari guru.

Nekoye ameniuliza kama kumsalimia mtu mmoja mara mbili ni vipande viwili. Nikasema hapana. Akauliza, je, kusalimia watu wawili kwa mara moja? Ana miaka sita! Nilivimba kwa fahari, halafu nikakumbuka kwamba si hesabu tunayotafuta.

Rosebella ameniarifu kwamba kufikia saa nne mtoto alikuwa amesalimia laini nzima pamoja na mbuzi wa fundi viatu. Nililipa yote. La mbuzi nimeligundua baadaye.

Saa sita nikaja nyumbani kusimamia Kugawa. Nikamwona kwa macho yangu mawili anampa Jepkemboi kikombe cha uji. Nikampa kipande. Nikageuka kuwasha kiko. Kugeuka tena, anampa uji. Nikampa kipande. Mara ya nne nikaangalia vizuri. Kikombe kilikuwa kile kile! Alikuwa anampa, anapokea sukari kwangu, anamnyang'anya, anampa tena. Jepkemboi alisimama tu, mikono mbele kama mtu anayengoja kubebeshwa mzigo, hajanywa hata funda.

Nikamkemea. Akasema, "Lakini baba, ulisema kugawa. Hukusema anywe."

Sukari guru imekwisha. Jino la mtoto linauma. Rosebella hajasema neno, na hajasema kwa sauti kubwa sana.


Jumanne, 6 Januari

Nimegundua kosa. Mtoto ataonaje huruma kama hajaona taabu? Hapa kwangu hakuna taabu, baba ana kazi. Basi lazima taabu iletwe.

Nikamwendea Mzee Shitanda. Alikuwa mpakiaji pale godauni mpaka gari la ng'ombe lilipomvunja mguu. Siku hizi anashona magunia yaliyotoboka na kuomba ugoro. Nikamwomba aje mchana, akae njiani karibu na nyumba yangu, augue. Malipo ni ugoro. Akauliza augue kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kusikika kwa Mama Tryphosa lakini kisifike kwa polisi.

Aliugua vizuri mno. Hata mimi niliyempanga nilisikia kitu kifuani. Nikamtuma Nekoye kwa fundi viatu ili apite hapo, nami nikajificha nyuma ya tangi la maji.

Akafika. Akasimama. Akaweka mikono kiunoni. Akasema, neno kwa neno, "We mzee, toka hapo! Watu wana kazi! Unafikiri mizani inakungoja wewe?"

Mizani! Njiani pale hakuna mizani. Sijui mtoto huyu anaokota wapi maneno kama hayo. Nashuku nyumba ya Kiprotich. Rosebella alikuwa mlangoni. Alijifunika uso na leso akaingia ndani, nikasikia anagongana na sufuria.

Kisha akaharibu kila kitu. Alitoka na bakuli la uji, uji wake mwenyewe wa mchana, akampa mzee. Nikamnong'oneza kwamba yule haumwi, amekodiwa. Akaniuliza kama na mguu nao umekodiwa. Akakaa chini naye, pale pale kwenye vumbi, wakaanza habari za marehemu mke wa mzee, jinsi alivyokuwa akiimba akipalilia. Nekoye amesimama kando, kidole mdomoni, anawatazama bila kupepesa.

Nikamwita ndani aje asome ratiba. Alikuwa anapoteza wakati wake.


Jumatano, 7 Januari

Mzee Shitanda amekuja tena. Hakuitwa! Wala haugui, anakaa tu. Rosebella akampa uji. Nilimweleza mzee kwamba somo lake lilikwisha jana. Akasema yeye hakuja kwa somo.

Kazini nako. Jeruto, mke wa Kiprotich, alifika kwenye mizani yangu na nusu gunia la mahindi mgongoni, yale ya kuokota shambani baada ya mavuno. Alifika saa sita na dakika mbili. Mizani hufungwa saa sita. Nikamwambia arudi kesho. Akasema mgongo umekufa, ametoka mbali, Baba Nekoye, nipimie tu. Nikamwonyesha saa. Nikianza na dakika mbili za Jeruto nitamaliza na nusu saa za watu wote. Akainama, akaubeba mzigo tena, akaenda. Nekoye alikuwa ameniletea chakula, amekaa juu ya magunia, akaona jinsi baba yake anavyosimamia kazi. Somo zuri la nidhamu, na halikunigharimu sukari.

Nilipotoka kazini nikawakuta yeye na Jepkemboi wanacheza uani. Wamefunga mikebe miwili kwenye kijiti. Jepkemboi ameleta udongo kwa kitambaa. Nekoye akamwambia, "Tumefunga. Rudi kesho."

Jepkemboi akasema, "Karani, mgongo wangu unauma."

"Mgongo ni wako au wangu?"

Hilo la mgongo sikulisema mimi. Sidhani nililisema.

Nikaona sasa nimchunguze Kiprotich, nijue anamfundisha binti yake kwa njia gani. Akirudi kutoka kwa mzungu anakokamua ng'ombe, jua huwa bado liko juu kidogo. Nikajipenyeza kwenye ua wa miiba, daftari mkononi. Bahati! Jepkemboi alikuwa amemwaga maziwa ya chai ya nyumba nzima. Nikalamba ncha ya penseli, tayari.

Kiprotich akamuuliza kama yamemlowesha miguu. Akachukua kitambaa, mtoto akachukua kingine, wakapangusa. Akamwambia leo watakunywa chai ya rangi, wote, na yeye baba pia. Wakamaliza, akamwonyesha jinsi ya kushika kibuyu kwa mikono miwili. Basi! Nilikaa mle miibani mpaka miguu ikafa ganzi na sikuona somo hata moja. Hana ratiba. Hana mpango wowote na mwanawe. Mvivu kabisa.

Wakati wa kutoka, mwiba ukaniingia sikioni. Nikapiga kelele. Jepkemboi akaja mbio, akauliza Baba Nekoye anafanya nini ndani ya ua. Nikasema natafuta kuku. Akaunyofoa ule mwiba kwa kucha, akapuliza sikio, akasema pole, pole. Kisha akaenda kunitafutia kuku. Ametafuta mpaka mama yake alipomwita ndani.

Mjanja yule! Sasa anafanyia mazoezi mwilini mwangu.


Alhamisi, 8 Januari

Wiki inakwisha. Kama Nekoye hapandi, basi Jepkemboi ashuke.

Nilinunua andazi moja, kubwa, la moto. Nikampa Jepkemboi nikamwambia ni asante ya mwiba. Nikawaambia wote wawili waende kutazama maua mbele ya nyumba ya Mama Tryphosa. Mpango ulikuwa rahisi: mtoto wa miaka sita na andazi la moto. Atakula peke yake, mwenzake akimtazama, na dirishani kuna miwani. Mimi nikasimama nyuma ya mkaratusi.

Jepkemboi akalikata mara mbili. Akampa Nekoye kipande kikubwa.

Nekoye akakila. Akapangusa mdomo. Akaomba na kile kingine.

Yule akakikata tena!

Dirisha likafunguka. Mama Tryphosa hakuwatazama watoto. Alinitazama mimi. Akauliza kwa ile sauti yake ya ng'ombe, Kituyi, wafanya nini hapo? Nikasema nahesabu miti. Akauliza ni mingapi. Mimi, karani wa mizani, nikakosa jibu! Akasema ni tisa, na wa kumi umevaa kofia.

Mzee Shitanda leo alikuja na kigoda chake mwenyewe.


Ijumaa, 9 Januari

Sasa nimepata. Kesho atapikwa kuku.

Mambo ya kuku nyumbani kwangu yako wazi. Kwetu tangu zamani mwanamke hali kuku. Misheni wanatuambia hayo tuyaache, na mimi kanisani husema amina. Lakini nyumbani kuku ana utaratibu wake, na firigisi ni ya mwenye nyumba, wala haijadiliwi. Rosebella hupika, hupakua, halafu hula ugali wake na mboga. Hata kuonja haonji. Miaka minane anapika bila kuonja, na sijamsikia akilalamika, kwa hiyo anapenda.

Mpango: Nekoye ataichukua ile firigisi kwenye sahani, mbele ya watu wote, ampelekee Mama Tryphosa, aseme, "Mgeni wetu, kula wewe, baba amejinyima." Nani atashindana na hilo? Kuna mtu atapata nafasi shuleni kwa maziwa ya Kiprotich?

Na uzuri wake ni huu. Mgeni mwenye adabu hukataa. Atasema, hapana, hiyo ni ya baba. Nami nitakubali baada ya kukataa kidogo. Nekoye anapata shule, mimi napata firigisi.

Tumefanya mazoezi. Mzee Shitanda alikaa badala ya Mama Tryphosa, kiazi cha kuchemsha kikakaa badala ya firigisi. Nilimweleza mzee kwamba kazi yake ni kukataa. Alikula viazi saba. Kila mara alisema ameona vibaya kumkatalia mtoto.

Nekoye amejua maneno yote. Mwishoni akauliza, na mama atapewa nini? Nikamwambia mama atapewa sifa ya kupika. Akaitazama sahani tupu. Nikaona ameelewa.


Jumamosi, 10 Januari

Sina nguvu ya kuandika. Nitaandika tu, ili ijulikane kosa lilikuwa la nani.

Mama Tryphosa alifika saa saba akitoka kwa Kiprotich, anasifu maziwa ya kibuyu aliyokunywa kule. Akakaa kwenye kiti changu. Kiprotich, Jeruto na Jepkemboi walikuwa wamemsindikiza mgeni mpaka mlangoni, na Rosebella akawavuta wote ndani, karibuni, karibuni, kana kwamba kuku ana mapaja kumi. Mzee Shitanda akaweka kigoda chake kizingitini. Nyumba ikajaa. Haya yote hayakuwa kwenye mpango.

Nikakohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Nekoye akachukua sahani, firigisi juu yake peke yake, inang'aa. Akatembea vizuri, taratibu, kama tulivyofanya. Akafika mbele ya Mama Tryphosa.

Akampita.

Nikakohoa tena. Akaendelea mpaka kwenye kona ya jiko, alipokuwa Rosebella amechuchumaa anapakua ugali. Akamwekea sahani magotini. Akasema, "Mama, kula wewe. Kila siku unapika na hupewi."

Nilisikia mafuta yanatokota.

Niliruka. Nikasema siye huyo, mgeni yuko huku! Nikaikamata sahani nikampelekea Mama Tryphosa mwenyewe. Firigisi ikateleza, ikaruka, nikaidaka hewani kwa mkono mmoja. Hakuna aliyenisifu. Nekoye akaanza kulia. Na si kile kilio chake cha kutaka kitu, ninachokijua, cha jicho moja wazi. Hiki kilikuwa cha chini chini, hatazami kama kuna mtu anamwona.

Mama Tryphosa hakukataa firigisi, wala hakuipokea. Aliiacha mkononi mwangu. Akamuuliza Rosebella ana miaka mingapi katika ndoa. Minane. Amepika kuku wangapi? Hajui. Amekula wangapi? Rosebella akatazama sakafu. Nikaingilia kati, nikaeleza kwamba ni desturi tu, na kwamba yeye mwenyewe hataki. Mama Tryphosa akasema hata yeye aliambiwa hataki mpaka akafika miaka thelathini, na alikuwa hataki sana hasa siku ya Krismasi, harufu ikitoka jikoni.

Halafu akamwita Nekoye. Akamuuliza nani alimfundisha kutoa namna ile. Nikasogea mbele. Mara saba tulifanya mazoezi!

Nekoye akafuta kamasi. Akasema, "Mama. Anampa Mzee Shitanda uji wake, halafu anasema ameshiba. Hajashiba. Mimi nikilala kando yake nasikia tumbo lake likinguruma."

Nikamtazama Rosebella. Mkono wake ulioshika mwiko umekonda. Sikuwa nimeona. Labda ni ile blauzi.

Mama Tryphosa akainuka, akaichukua sahani kutoka kwangu, akaipeleka mwenyewe kule kwenye kona. Akasema, kula, Mama Nekoye. Rosebella akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Hata Mzee Shitanda, mwenye viazi vyangu saba tumboni, akanitazama kwa ukali! Nikasema ale. Nadhani nilisema.

Akala. Polepole, macho chini, Nekoye amemwegemea begani. Akamaliza. Akapangusa vidole. Wote tukangoja.

Akasema inataka chumvi.

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Kiprotich alicheka mpaka akaniwekea mkono begani. Nikautoa.

Mimi nilikula shingo.

Basi yamekwisha. Firigisi imekwenda kwa asiye mgeni, baba ameaibishwa, na lori linakuja Jumatano. Baada ya wageni kuondoka Rosebella alitoa kitambaa akaanza kumshonea Nekoye gauni la safari. Nilijaribu kumwambia arefushe upindo kidogo, maana mtoto atakua akiwa kule. Sikumaliza. Nilitoka nje nikatazama ukuta.


Jumapili, 11 Januari

NEKOYE!

Amechukuliwa Nekoye! Limesemwa kanisani, mbele ya watu wote.

Mama Tryphosa alitoa na sababu, ingawa hakuna aliyemwomba. Akasema kwa Kiprotich baba anafunza na mama anafunza, na mtoto wao hata akikosa darasa hataharibika. Bali kwa Kituyi mama anajenga peke yake na baba anabomoa kwa bidii, na mtoto kama huyo anahitaji msaada wa haraka. Watu wakageuka wote kunitazama. Nikasimama nikawapungia mkono. Viongozi wa kanisa hupenda utani. La muhimu ni matokeo.

Tena ameagiza kwamba kila Alhamisi nihudhurie mkutano wa akina mama wa malezi, nikae benchi la mbele. Nimemwelewa. Wanataka niwaeleze njia yangu. Nimekubali.

Jepkemboi ndiye aliyepiga makofi zaidi, mpaka mama yake akamshika mikono. Kiprotich akanipa mkono tena, akasema anafurahi kwa ajili ya mtoto. Nilimtazama usoni kwa makini nikitafuta wivu. Anauficha vizuri kupita kiasi.

Dereva wa lori nimemwambia aendelee na mahindi yake. Rosebella ameligeuza lile gauni kuwa la shule. Ameimba akishona. Nilikuwa nimesahau kwamba huimba.


Jumatatu, 12 Januari

Nilimpeleka Nekoye mwenyewe saa moja asubuhi. Gauni jipya, kibao cha kuandikia chini ya kwapa. Nikamwangalia akikaa kwenye benchi, kwenye nafasi yake, ya mwisho karibu na ukuta. Nilipiga chafya mara kadhaa. Vumbi la Januari.

Saa tano nikaitwa kutoka godauni. Mama Tryphosa ananitaka, upesi! Nilikwenda mbio, mizani nimeiacha wazi.

Nekoye alikuwa amekaa nje, kwenye ngazi. Ndani, kwenye nafasi yake, na kibao chake mkononi, amekaa Jepkemboi.

Wakati wa mapumziko mtoto wangu alikwenda mpaka nyumbani kwa Kiprotich akamshika mkono mwenzake akamleta. Aliwaeleza wote kwamba kabla ya mapumziko ni zamu yake, baada ya mapumziko ni ya Jepkemboi, na kesho wanabadilishana asije mmoja akajua nyimbo tu na mwingine hesabu tu. Hakuna aliyemtuma. Hakuomba sukari. Mama Tryphosa akasema alimweleza kwa kirefu kwamba nafasi ya shule haikatwi kama andazi. Mtoto akamuuliza sasa kwa nini alitaka mtoto mwenye huruma.

Mama Tryphosa aliposimulia hapo alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akatuma sanduku la sabuni liletwe kutoka stoo. Likawekwa mwisho wa benchi, likaenea sawasawa. Wakakaa wote wawili.

Nekoye akachungulia dirishani, akaniambia, "Baba, tumetosha!"

Tumetosha! Wiki nzima nimehangaika. Sikio limetobolewa, firigisi nimeikosa, nimeitwa mti mbele ya watoto. Yote kwa ajili ya nafasi moja, na huyu anaikata katikati anampa mpinzani wetu, bure, kabla hata ya saa sita! Rosebella nilipompa habari alikaa chini akalia, na eti ni furaha. Kiprotich akaja na kibuyu kizima cha maziwa, akasimama mlangoni, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nilikipokea kibuyu. Maziwa hayana kosa.

Nimefikiri sana. Ukweli ni kwamba somo langu limemwingia mtoto kupita kiasi. Nimefundisha vizuri mno. Akiachwa hivi hivi, atatugawa na sisi. Basi kuanzia kesho namfundisha choyo. Kidogo tu, cha kujikinga.

Nimemweleza Rosebella. Amesema mtoto hatasikia lolote nitakalomwambia, ataangalia tu baba yake na mama yake wanavyoishi, afanye hivyo hivyo. Na hapo ndipo ninapokwama. Choyo atakiona kwa nani? Mama yake hana. Na mimi, kwa maumbile yangu, nina huruma nyingi mno.